Namba Haina Macho: Historia Fupi ya Mipangilio ya Enkoda ya Video

Leo sitawapa amri za kunakili na kubandika. Leo ni historia kidogo.

Najua wengi wenu mkifungua programu ya kubana video mnakutana na msitu wa vidude: kasi ya biti, kupita mara mbili, CRF, "medium", "slow", "film", "grain". Mtu anagusa hiki, anagusa kile, mwishowe anabonyeza kitufe cha kuanza na kumwachia Mungu.

Lakini kila kidude kati ya hivyo kilizaliwa mwaka fulani ili kutatua shida fulani. Ukiijua ile shida, kuchagua hakukusumbui tena. Na jambo lenyewe si dogo. Video ya arusi au ya mazishi ikishabanwa vibaya, na kanda ya asili ikafutwa, hakuna programu itakayokurudishia uso wa marehemu nyanya yako jinsi ulivyokuwa. Itakachofanya ni kubahatisha tu.

Haya, tuanze.

KWA NINI TUNABANA?

Tufanye hesabu. Picha ya runinga ya mfumo wa PAL, uliotumika hapa Kenya enzi za analogi, ikiingizwa kwenye tarakilishi huwa na pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kila sekunde. Macho yetu huona tofauti za mwanga vizuri kuliko tofauti za rangi, kwa hiyo sehemu kubwa ya habari za rangi huachwa mapema. Hata baada ya hapo, zinabaki kama megabiti 124 kila sekunde. Filamu ya dakika 90 inakuwa gigabaiti 84 hivi.

CD moja hubeba megabaiti 700. Maana yake ni kwamba ukitaka filamu hiyo ikae kwenye CD moja, ni lazima utupe zaidi ya asilimia 99 ya data. Swali ni moja tu: unatupa nini?

Jibu la kwanza la maana lilitoka kwa Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa Bangalore, India, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Kansas State, Marekani. Mwaka 1972 aliomba pesa za utafiti kutoka shirika la serikali la sayansi la huko, akanyimwa. Wazo lake lilionekana rahisi mno! Hakukata tamaa. Mwezi Januari 1974, yeye na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao walichapisha mbinu inayojulikana kama DCT. Mbinu hiyo ndiyo iliyo ndani ya picha za JPEG na video karibu zote ulizowahi kutazama.

DCT inachukua mraba mdogo wa picha, kwa mfano pikseli 8 kwa 8, na kuueleza kama mchanganyiko wa mawimbi. Mawimbi mapana yanabeba maumbo makubwa: ukuta, shati, anga. Mawimbi membamba yanabeba mambo madogo madogo: nywele, nyasi, mikunjo ya kitambaa.

DCT peke yake haitupi kitu. Kutupa kunakuja baadaye, pale enkoda inapokata namba za mawimbi hayo. Ni kama mwenye duka asiyetaka sarafu ndogo: bei ya shilingi 47 anaiita 50, na ya shilingi 3 anaiita sufuri. Namba za mawimbi membamba mara nyingi ni ndogo, kwa hiyo nyingi zinageuka sufuri, na sufuri haichukui nafasi. Ukikata kidogo, picha inabaki safi na faili inakuwa kubwa. Ukikata sana, faili inakuwa ndogo na nywele zinapotea.

Mwaka 1988 kikaja kiwango cha H.261, kilichokusudiwa mikutano ya video kupitia laini za simu. Kiliunganisha DCT na ujanja mwingine: badala ya kuhifadhi kila fremu upya, enkoda inasema tu, "mraba huu umetoka pale ukasogea hapa." Kodeki zilizofuata zimejengwa juu ya msingi huo. Kwa hiyo kazi ya enkoda ni kuamua wapi ikate sana na wapi ihurumie. Vidude vyote unavyoviona ni njia mbalimbali za kulijibu swali hilo.

ENZI YA DISKI: UKUBWA NDIO MFALME

Video CD, ile VCD tuliyoizoea, ilipata kanuni zake mwaka 1993. Ilitumia MPEG-1, picha ya pikseli 352 kwa 288 kwa nchi za PAL, na kilobiti 1,150 za video kila sekunde.

Kwa nini 1,150? Je, kuna mtu aliyekaa akapima macho ya watu? La. Kisomaji cha CD cha kasi ya kwanza kilikuwa na uwezo wa kutoa megabiti 1.4 hivi kila sekunde. Ukiondoa sauti na mambo mengine, kilichobaki ni hicho. Namba ilitoka kwenye mota ya mashine.

Na ilikuwa namba moja kwa kila kitu. Msomaji wa habari aliyekaa kimya alipewa kilobiti 1,150, na ngoma ya watu mia waliojaa vumbi ikapewa 1,150 vilevile. Huyu wa kwanza alibaki na biti za ziada, na wale wachezaji wakageuka miraba. Aliyenunua filamu za Riverwood pale River Road, Nairobi, kwenye VCD, anakumbuka jinsi majani ya miti yalivyokuwa yakiganda kama uji kila kamera ilipozunguka. Kosa halikuwa la mpiga picha.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mfaransa Jérôme Rota alichukua kodeki ya MPEG-4 ya Microsoft, iliyokuwa imefungiwa kwenye faili za aina moja, akaifungua ili itumike kwenye faili za AVI. Akaiita DivX, na kicheko kando yake, kwa kuudhihaki mfumo wa diski za kukodi wa Marekani uliokuwa na jina hilo. Ghafla filamu ya DVD ikaweza kuingia kwenye CD moja na bado ikatazamika. Baadaye ikaundwa kampuni, na mwaka 2001 ikatoa msimbo huria wa OpenDivX. Kisha sehemu ya enkoda ikaondolewa hadharani. Waliokuwa wakiuchangia mradi wakachukua msimbo uliokuwapo wakaendelea nao wenyewe. Wakauita Xvid. Soma jina hilo kinyumenyume uone.

Hapo ndipo watu wengi walipojifunza kuchezea mipangilio, na hesabu ya kila mtu ilikuwa moja: megabaiti 700 ukigawa kwa dakika 90 ni kilobiti 1,087 hivi kila sekunde. Toa 128 za sauti, baki na kama 960. Hiyo ndiyo bajeti.

Kuigawa bajeti hiyo kwa haki ndiko kulikoleta mtindo wa kupita mara mbili. Mara ya kwanza enkoda inaitazama filamu nzima na kuandika ni wapi pagumu na wapi parahisi. Mara ya pili inabana kwelikweli, ikiwapa wagumu zaidi. Ni kama mama anayepakua ugali: anahesabu kwanza walioketi na kuona nani katoka shambani, ndipo anagusa mwiko. Ukilinganisha na VCD, ilikuwa hatua kubwa.

Lakini angalia swali lenyewe. Kupita mara mbili kunajibu swali hili: "Ukubwa wa faili umeshaamuliwa, tugawane vipi?" Kwa CD lilikuwa swali sahihi kabisa. Kabla nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS hazijafika Mombasa mwaka 2009, kwa wengi wetu video ilisafiri mkononi, kwenye diski. Diski zimeondoka, ila mazoea yamebaki: bado kuna watu wanaobana filamu zao kwa kasi ya biti waliyoirithi kutoka kwa mtu aliyekuwa akipigania megabaiti 700.

X264 INAGEUZA SWALI

Mwaka 2003 mashirika ya viwango, ITU na MPEG, yalikamilisha H.264. Hii ndiyo kodeki iliyo ndani ya ving'amuzi vya DVB-T2 tulivyolazimika kununua Kenya ilipozima matangazo ya analogi mwaka 2015. Lakini kiwango kinaeleza tu jinsi ya kufungua video. Jinsi ya kuibana vizuri kimemwachia fundi. Ndiyo maana enkoda mbili za H.264 zinaweza kutoa picha tofauti kama usiku na mchana kwa ukubwa uleule wa faili.

Fundi mmoja alikuwa Laurent Aimar wa mradi wa VideoLAN, aliyeanzisha enkoda huria ya x264. Baadaye Loren Merritt akaichukua na kuijenga, kisha Jason Garrett-Glaser akawa miongoni mwa wahandisi wake wakuu.

Kidude chake maarufu ni CRF. Hiki kimeligeuza swali juu chini. Wewe hutaji ukubwa, unataja ubora unaoutaka, na faili itakuwa kubwa au ndogo kulingana na ugumu wa video. Katika x264 ya kawaida kipimo ni 0 hadi 51. Namba ndogo ni ubora mkubwa. Usipochagua, unapewa 23. Kwenye 18 hivi watu wengi hawaoni tofauti na video ya asili. Ukiongeza 6, faili inapungua kwa karibu nusu. Ukipunguza 6, inakaribia kuongezeka maradufu. Sababu ni kwamba ndani ya H.264 kila hatua 6 zinafanya ule mkato wa namba kuwa mkubwa mara mbili.

Kwa hiyo hotuba ya mzee aliyeketi inatoka faili ndogo, na mechi ya mpira kwenye mvua inatoka faili kubwa, kwa CRF ileile. Watu hudhani hilo ni tatizo. Si tatizo. Kila video imepewa inachohitaji.

NAMBA DHIDI YA JICHO

Sasa tufike kwenye kiini.

Kwa miaka mingi wahandisi walipima ubora kwa PSNR. Unachukua pikseli ya asili, unatoa pikseli iliyobanwa, unaipeo tofauti hiyo kwa mraba, unajumlisha zote. Tofauti ndogo, alama nzuri. Ni rahisi, na tarakilishi inaipenda.

Tabu ni kwamba PSNR inapenda ukungu. Fikiria uwanja wa nyasi. Enkoda A inazilainisha nyasi zote kuwa zulia la kijani. Enkoda B inabakiza nyasi, ila zimesogea kidogo, si zilezile hasa. Kwa hesabu ya PSNR, B anaweza kuadhibiwa mara mbili: nyasi imekosekana ilipotakiwa, na imeonekana isipotakiwa. Lakini muulize mtu yeyote aliyeketi mbele ya runinga, atakwambia B ndiye mwenye uwanja na A ana zulia.

Shida nyingine ni gizani. Sehemu zenye tofauti ndogo za mwanga, kama anga la jioni au ukuta wenye kivuli, zikikatwa sana hazishushi alama kwa kiasi kikubwa. Fikiria basi uso wa mtu mweusi katika ukumbi wa arusi wenye mwanga hafifu. Kwa tarakilishi, tofauti za mwanga kwenye shavu na paji la uso ni ndogo mno, hazina thamani. Kwa familia, hizo ndizo video yenyewe. Enkoda iliyofunzwa kufukuza alama inamfanya bibi arusi kuwa bapa la kahawia, na alama zinabaki nzuri.

Mwaka 2008 x264 ilipata dawa mbili. Ya kwanza ni AQ, inayochukua biti kutoka sehemu zenye vurugu nyingi, ambako jicho halioni kasoro kirahisi, na kuzipeleka kwenye sehemu tulivu. Ya pili ni psy-rd, inayoiambia enkoda: usitafute tu pikseli zinazokaribiana na za asili, tafuta pia mraba wenye uchangamfu unaolingana na wa asili. Nyasi zibaki nyasi.

PSNR ikashuka! Na hapo ndipo ninapowavulia kofia watengenezaji wale. Waliziwasha dawa zote mbili kwa kila mtumiaji, bila kuombwa, wakijua kwamba katika majaribio ya alama wangeonekana wameshindwa. Kisha, kwa wale wanaotaka kupima tu, wakaweka mpangilio uitwao "psnr" unaozima AQ na psy-rd, na mwingine uitwao "ssim" unaozima psy-rd peke yake. (SSIM ni kipimo kilichochapishwa mwaka 2004, kinachoangalia maumbo kuliko PSNR.) Vidude hivyo bado vipo hadi leo. Ukivikuta, jua kazi yake: vinaongeza alama. Usivitumie kwa video ambayo binadamu ataitazama.

MAJINA KUMI

Hadi hapo x264 ilikuwa na vidude vingi mno. Watu walikuwa wakirithishana mistari mirefu ya amri kama dawa za kienyeji, bila kujua kila mzizi unatibu nini. Mwaka 2009 watengenezaji wakaanza kuvifunga pamoja katika majina, ambayo leo ni kumi, kuanzia "ultrafast", kupitia "medium" na "slow", hadi "veryslow" na la mwisho, "placebo".

Majina haya hayachagui ubora moja kwa moja. Yanachagua muda ambao enkoda itautumia kutafuta njia nzuri. Ukikaa na CRF ileile, mwendo wa polepole kwa kawaida unakupa ubora unaokaribiana kwa faili iliyo ndogo, au matumizi bora zaidi ya biti zilezile. Haraka haraka haina baraka. Lakini angalia lile jina la mwisho: "placebo" ni kidonge kisicho na dawa ndani, kinachomfanya mgonjwa ajisikie ametibiwa. Watengenezaji wenyewe walikuwa wakituonya kwamba kutoka "veryslow" kwenda huko, unachoma stima kwa faida usiyoweza kuiona.

HADITHI INAJIRUDIA

Mwaka 2015 Netflix ilitangaza kwamba inaachana na ngazi yake moja ya kasi za biti kwa filamu zote, kutoka kilobiti 235 hadi 5,800. Badala yake kila filamu ingepimwa na kupewa ngazi yake, kwa sababu katuni tulivu na filamu ya vita hazilingani mahitaji. Ni somo lilelile la CRF, sasa kwa kampuni kubwa.

Mwaka 2016 wakatoa kipimo chao, VMAF, kilichofunzwa kwa maoni ya watazamaji halisi. Ni kizuri kuliko PSNR, bila shaka. Lakini ikaonekana kwamba ukiinoa picha kidogo kabla ya kuibana, alama zinapanda hata kama haiwi aminifu zaidi kwa ile ya asili. Mwaka 2020 ikabidi waongeze aina ya VMAF isiyotoa zawadi kwa ujanja huo. Kila kipimo kikishakuwa shabaha, kuna atakayejifunza kukifuga.

BASI NICHAGUE NINI?

Kwa ufupi, haya ndiyo historia inatufundisha:

1. Usianze na ukubwa. Tumia CRF. Kwa H.264, jaribu 18 kwa kumbukumbu za familia, 20 hadi 23 kwa matumizi ya kawaida. Kupita mara mbili kuache kwa siku ambayo ukubwa umepangiwa kweli.

2. Usihamishe namba kutoka kodeki moja hadi nyingine. 23 ya x264 si 23 ya x265, ambayo huanzia 28 usipochagua. SVT-AV1 huanzia 35 kwenye kipimo chake. Ni kama kulinganisha maili na kilomita.

3. Chagua mwendo wa polepole kadiri unavyoweza kuvumilia. "Slow" inatosha watu wengi. "Placebo" iache.

4. Mwambie enkoda unabana nini: "film" kwa filamu, "animation" kwa katuni, "grain" ukitaka chengachenga za filamu zibaki. Jihadhari, "grain" kwenye kanda ya zamani ya VHS itahifadhi kwa uaminifu na kelele zote za kanda, na faili itavimba.

5. Kanda nyingi za kamera za PAL zilirekodi kila fremu kwa mistari iliyopishana. Ukiona meno ya kitana kwenye kitu kinachotembea, shughulikia hilo kwanza, kabla ya kugusa CRF.

6. Jaribu kwa dakika moja, na iwe ile ngumu kuliko zote: ukumbi wenye giza, umati unaocheza, maji, moshi. Ibane kwa CRF 18, 21 na 24. Itazame ikitembea, kwenye skrini itakayotumika, si kwa kugandisha fremu na kuikuza mara nne. Chukua namba kubwa kuliko zote ambayo bado huoni kasoro.

7. Usibane tena kilichokwisha kubanwa ukitarajia kiwe kizuri. Sufuri iliyoandikwa kwenye VCD ya zamani hairudi kuwa shilingi 3.

8. Tunza ya asili. Kanda ya MiniDV ya saa moja ni kama gigabaiti 13. Diski ya terabaiti moja inabeba zaidi ya kanda 70 za namna hiyo, bila kuzibana tena. Kodeki zitakuja na kwenda, na kila mpya itakayokuja itatoa picha bora kutoka kwenye ya asili kuliko kutoka kwenye nakala yako ya mwaka jana. Akiba haiozi.

Namba zitumieni, zinasaidia kupunguza kazi. Ila uamuzi wa mwisho mpeni mtu atakayeketi kuitazama video hiyo. Mwonyesheni ile dakika ngumu, mumuulize kama anawatambua watu.